Muulize Sista: Kaka aligunduliwa na saratani ya utumbo akiwa na miaka 42. Mimi nina 33, nisubiri?

Barua za mwezi huu zimeelemea upande mmoja: utumbo mpana. Nimechagua nne, zote za watu wa Dar es Salaam, zote za watu ambao hawajafika 50. Kwa msomaji mgeni, mimi ni muuguzi wa chumba cha endoskopia, kile ambacho wengi mnakiita chumba cha kamera. Kamera ya utumbo mpana ni mlija laini wenye kamera, unaopitishwa njia ya haja kubwa ili daktari autazame utumbo kwa ndani. Ninamwekea mgonjwa dripu, ninakaa naye kipimo kikiendelea, na ninakuwa pale anapoamka. Nayajibu haya kwa sababu nimechoka kuona vijana wanafikishwa kwetu wakiwa wamechelewa, na mfukoni wana vyeti vya kutibiwa amiba.

Shikamoo Sista. Mimi ni mhasibu, nina miaka 33, naishi Tabata. Mwaka jana tulimzika kaka yangu, baba mmoja mama mmoja. Alikuwa na saratani ya utumbo mpana, iligunduliwa akiwa na miaka 42 na ilikuwa imeshafika kwenye ini. Kabla ya hapo alitibiwa amiba, vidonda vya tumbo na bawasiri, karibu miaka miwili. Mimi sina dalili yoyote. Nilikwenda hospitali moja kuomba kupimwa, daktari akaniambia ugonjwa huo ni wa wazee, nirudi nikifika 50. Mama naye anasema ukiutafuta ugonjwa utaupata. Nisubiri? Na kama ni kupima, nipime nini?
*Mdogo wa marehemu, Tabata*

Marahaba mdogo wangu, na poleni sana kwa msiba.

Usisubiri. Hesabu yako ni nyepesi na nataka uiandike kwenye karatasi, uende nayo kwa daktari mwingine. Mtu ambaye mzazi wake, kaka yake, dada yake au mtoto wake wa kumzaa amepata saratani ya utumbo mpana kabla ya miaka 60, huanza kupimwa kwa kamera akifika miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri ambao ndugu huyo aligunduliwa, kutegemea kipi kinatangulia. Kaka yako, 42. Toa 10, inabaki 32. Wewe una 33. Umri wako wa kuanza umeshafika na kupita, na hiyo 50 uliyotajiwa haikuhusu. Utumbo ukikutwa safi, utarudia kila baada ya miaka 5.

Hiyo 50 yenyewe imeanza kupitwa na wakati hata kwa watu ambao familia zao hazina ugonjwa. Marekani walikuwa wakiitumia kwa miaka mingi. Mwaka 2018 chama chao cha saratani kilishusha umri wa kuanza hadi 45, na Mei 2021 jopo la wataalamu linaloishauri nchi hiyo kuhusu kinga nalo likashuka hapohapo, maana wagonjwa vijana walikuwa wanazidi kuongezeka. Watafiti walipolinganisha watu kwa mwaka wa kuzaliwa, walikuta aliyezaliwa karibu na 1990 ana hatari mara mbili ya saratani ya utumbo mpana, na mara nne ya ile ya sehemu ya mwisho ya utumbo, ukimlinganisha na aliyezaliwa karibu na 1950 alipokuwa na umri huohuo. Wengi wetu tulishtuka Agosti 2020 alipofariki mwigizaji Chadwick Boseman akiwa na miaka 43. Aliugundua ugonjwa huu mwaka 2016, kabla hajatimiza 40.

Takwimu hizo ni za Marekani, na sizichukui kuzibandika Tabata kama zilivyo. Lakini fahamu jambo moja la hapa nyumbani: hatuna mpango wa taifa unaomwita kila mtu wa umri fulani aje kupimwa utumbo, kama kina mama wanavyohamasishwa kupima mlango wa kizazi. Hakuna atakayekuita, mdogo wangu. Utajipeleka mwenyewe.

Kuhusu daktari aliyekurudisha, alikosea, ila ninajua jibu lake linatoka wapi. Daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyefanya kazi miaka mingi Uganda, aliandika mwaka 1971 kwamba saratani ya utumbo ilikuwa adimu kwa Waafrika, akaihusisha na vyakula vyetu vya wakati ule vyenye makapi mengi. Somo hilo lilifundishwa vyuoni kizazi baada ya kizazi. Ndiyo maana kijana akija na damu kwenye choo, akili ya mtabibu inakimbilia amiba, kichocho, taifodi au bawasiri, na mara nyingi inakuwa sawa. Shida inaanza pale dawa ya kwanza isipofanya kazi, ya pili isipofanya kazi, na bado hakuna anayesema: huyu tumtazame ndani. Kaka yako alitibiwa magonjwa matatu bila kutazamwa ndani. Hilo linaniuma kila nikisoma barua yako.

Mama mwambie hivi, kwa heshima. Saratani nyingi za utumbo mpana huanza kama kinyama kidogo kinachoota kwenye ukuta wa ndani, kile wataalamu wanachokiita polipu. Hakiumi. Huchukua miaka mingi, mara nyingi 10 hivi, mpaka kigeuke saratani, na vingine havigeuki kabisa. Kamera ikikikuta, daktari anapitisha waya mwembamba ndani ya mlija uleule na kukikata palepale. Mgonjwa hasikii, kwa sababu ukuta wa ndani wa utumbo hauna hisia za kukatwa. Kinyama kilichotolewa hakiwezi tena kuwa saratani. Mama amemzika mtoto mmoja, na nadhani akielewa hili atakuwa wa kwanza kukusindikiza.

Kipimo cha choo cha kutafuta damu iliyojificha, ambacho nitakieleza kwa msomaji wa Kigamboni hapa chini, kwako hakitoshi. Wewe ni wa kamera moja kwa moja.

Kabla hujaenda, kaa na wazee wa familia uwaulize kwa majina: nani mwingine aliugua saratani ya utumbo? Kuna shangazi au mama mdogo aliyepata saratani ya mji wa mimba wenyewe, si ya mlango wa kizazi? Ya ovari? Ya tumbo? Walikuwa na umri gani? Ipo hali ya kurithi iitwayo Lynch inayoleta saratani hizo ndani ya ukoo mmoja. Wenye hali hiyo huanza kamera wakiwa na miaka 20 hadi 25 na kurudia kila mwaka au kila miaka miwili. Ipo nyingine ambayo utumbo huota vinyama kwa mamia, na watoto wa familia hizo huanza kuchunguzwa wakiwa na miaka 10 hadi 12. Kwa hiyo itafute ripoti ya kamera ya kaka: waliona vinyama vingapi? Na kile kipande cha uvimbe wake kilichopelekwa maabara ya patholojia huwa kinahifadhiwa ndani ya nta. Muulize daktari kama kinaweza kupimwa kutafuta dalili za Lynch. Marehemu bado anaweza kuwasaidia ninyi na watoto wake.

Na hao watoto wake, hesabu yao ni ileile: wakifika 32, kamera. Mwandikie shemeji yako hilo, aliweke pamoja na vyeti vya kuzaliwa.

Sista mambo vipi. Mimi ni dereva wa bodaboda, kijiwe changu kipo Mbagala Rangi Tatu, nina miaka 29. Miezi minne sasa nikienda haja kubwa natoa damu, inakuja inapotea. Nimetumia dawa ya unga ya bawasiri ya Kariakoo, inasaidia halafu inarudi. Wenzangu wanasema hospitali watakuingiza kidole. Hilo siwezi. Hakuna kipimo cha damu cha mkononi?
*Boda, Mbagala*

Mwanangu, nakujibu bila kuzunguka. Yule mhasibu wa Tabata anapima kabla ya dalili. Wewe dalili unayo, kwa hiyo habari ya 45 wala 50 haikuhusu. Damu ya miezi minne inatafutiwa chanzo kwa umri wowote ule.

Kwa miaka 29 kuna uwezekano mkubwa ni bawasiri au mpasuko kwenye njia ya haja. Lakini hakuna anayeweza kulijua hilo kwa kukuangalia usoni, na muuza unga hajakutazama popote. Unasema dawa inasaidia halafu damu inarudi. Damu ya bawasiri hukatika yenyewe na kurudi, na damu ya saratani nayo hukatika yenyewe na kurudi, hivyo chochote utakachokunywa wiki hiyo kitaonekana kimeponya. Hapo ndipo watu wengi wanapoteza miezi yao.

Kipimo cha mkononi cha kuithibitisha saratani hii au kuifuta hakipo. Ila picha kamili ya damu upimwe, tuone kama umepungukiwa. Mwanaume kijana mwenye upungufu wa damu wa kukosa madini ya chuma anavuja mahali. Inaweza kuwa safura, inaweza kuwa kitu kingine, na lazima kitafutwe. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani, walitaja ishara nne zilizokuwa zikijitokeza kwa watu wa chini ya miaka 50 kati ya miezi 3 na miaka 2 kabla ya kugunduliwa: damu kwenye choo, maumivu ya tumbo, kuharisha, na upungufu huo wa damu. Wewe moja unayo. Jiulize kuhusu hizo nyingine. Jiulize pia kama choo kimekuwa chembamba kuliko zamani, kama ukitoka chooni unahisi hujamaliza, kama suruali zinakupwaya.

Sasa kidole. Najua mnavyoongea vijiweni, ni maneno yaleyale yanayowafanya baba zenu wakimbie kipimo cha tezi dume. Mlango unafungwa, pazia linavutwa, unalala ubavu, daktari anavaa glavu na kupaka mafuta, na haifiki dakika moja. Ukitaka daktari wa kiume, sema, si aibu kuomba. Saratani za vijana mara nyingi hukaa sehemu za chini za utumbo, na nyingine ziko karibu kiasi kwamba kidole kinazigusa. Dakika hiyo inaweza kukuambia zaidi ya miezi minne ya unga. Uanaume wako utatoka nao mlangoni kama ulivyoingia nao.

Anzia kituo cha afya kilicho karibu na kijiwe chako wiki hii. Waeleze ni miezi minne na taja na huo unga. Wasipoona chanzo, omba rufaa kwenda Temeke, na huko useme wazi: nataka nitazamwe ndani. Wakikupa dawa za amiba bila kukugusa, zimeze kama walivyoandika, lakini damu ikiendelea rudi, na usikubali kupewa dozi ya pili ya kitu kilekile.

Habari za kazi Sista. Nimefikisha 45, nipo Kigamboni, sina dalili, sina ndugu aliyeugua. Nipime kipi? Na mishkaki je?
*Baba wa wawili*

Hongera kwa kuuliza ukiwa mzima. Una njia mbili kuu. Ya kwanza ni kipimo cha choo kinachotafuta damu isiyoonekana kwa macho, kila mwaka. Kuna cha kisasa kinachotambua damu ya binadamu peke yake, hakina masharti ya chakula. Kile cha zamani kinadanganywa na nyama nyekundu, kwa hiyo uliza maabara wanacho kipi kabla hujatoa sampuli. Kikisema kuna damu, haimaanishi una saratani, inamaanisha lazima sasa uende kwenye kamera. Mtu anayepima choo huku ameshaamua moyoni kwamba kamera hatakubali, anapoteza hela yake. Njia ya pili ni kamera yenyewe, ambayo ikiwa safi unakaa miaka 10. Ulizia bei, na waulize watu wa bima yako kabla ya siku, wasikukwamishe dirishani.

Mishkaki ya mara mojamoja isikunyime usingizi. Ninachokihofia zaidi ni soseji na nyama za kusindikwa za kila siku. Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa lilitangaza mwaka 2015 kwamba nyama hizo zinasababisha saratani ya utumbo mpana, na kwamba gramu 50 kila siku, soseji moja hivi, zinaongeza hatari kwa asilimia 18. Sigara, pombe na kitambi vimo kwenye orodha hiyohiyo ya vya kupunguza.

Sista naomba unisaidie haraka. Mimi ni fundi cherehani, miaka 38, Tandale. Nimepangiwa kamera ya utumbo wiki ijayo na nimepewa dawa ya unga ya kuchanganya na maji lita nne, niinywe nyumbani. Nimepanga chumba, choo ni kimoja vyumba sita, na maji ya bomba hayatoki kila siku. Wapangaji wenzangu wakiniona nakimbia chooni usiku kucha watasema nina kipindupindu. Nifanyeje?
*Fundi*

Fundi, asante sana kwa barua hii. Karatasi za maelekezo tunazowapa wagonjwa zimeandikwa kana kwamba kila mtu ana choo chake chumbani. Na utumbo usiposafishika kamera haioni kitu, unarudishwa, umekwisha kupoteza nauli na siku ya kazi.

Kama una ndugu mwenye choo cha ndani, hata kama ni Kibamba, omba ulale kwake usiku mmoja. Kama huna, piga simu kule ulikopangiwa leo hii, uwaeleze hali ya nyumbani kwako, uulize kama unaweza kulazwa usiku wa kabla na kunywea dawa wodini. Si kila mahali watakubali, ila uliza, usione haya.

Ikibidi ubaki Tandale, mwambie mwenye nyumba mapema, na mpangaji mmoja unayeaminiana naye: nina kipimo hospitali, nimepewa dawa ya kusafisha tumbo, si ugonjwa. Ukishatangulia kusema, hakuna wa kukuzushia. Jaza ndoo zako siku mbili kabla, usingoje bomba. Weka chumbani ndoo yenye mfuniko kwa ajili ya dharura, karatasi laini za chooni, na mafuta ya mgando ya kujipaka nyuma kabla hujaanza kunywa, maana ngozi itachubuka. Maji ya kuchanganyia dawa yawe yamechemshwa na kupoa. Ikiwa baridi inanyweka vizuri zaidi, kwa hiyo nunua barafu kwa jirani.

Siku tatu kabla, acha maharage, mchicha, matembele, kisamvu, dona, mahindi ya kuchoma, karanga, mapera, pasheni na ubuyu. Mbegu zinaziba mlija wa kamera, na rangi ya ubuyu tunaweza kudhani ni damu. Kula wali mweupe, ugali wa sembe, mkate mweupe, mayai, samaki. Siku moja kabla, vyakula vigumu vyote basi: chai ya rangi, supu iliyochujwa, maji ya dafu, juisi isiyo na nyama ya tunda na isiyo nyekundu. Kama unameza vidonge vya kuongeza damu, waulize tangu sasa siku ya kuviacha, kwa kawaida ni wiki moja kabla. Kama unatumia dawa za kisukari au za kuzuia damu kuganda, usiziache wala kuzipunguza kwa uamuzi wako, piga simu.

Dawa yenyewe, kama karatasi yako haikuelekeza vinginevyo, igawanye. Nusu anza saa kumi na moja jioni, glasi moja kila robo saa. Ukianza mapema hivyo, mbio kubwa za nusu hiyo zitakwisha kabla wapangaji hawajalala. Nusu ya pili inywe yakiwa yamebaki masaa manne hadi sita kabla ya kipimo, na masaa mawili ya mwisho usinywe chochote. Ukihisi kutapika, pumzika nusu saa, tembea uani, kisha endelea taratibu. Umesafishika pale kinachotoka kinapokuwa maji ya njano angavu, kama mkojo. Kikiwa bado cha kahawia au kina vipande, tuambie ukifika mapokezi. Tusije tukaligundua wenyewe ukiwa umeshalala kitandani.

Ndani utapewa dawa ya kukulegeza, utalala ubavu wa kushoto, na kwa kawaida kipimo huchukua kama nusu saa. Tumbo litajaa hewa, na baadaye utaitoa kwa sauti. Itoe tu, sisi wauguzi tunaisubiri. Hatari ya utumbo kutoboka ipo, ila ni chini ya mtu mmoja kati ya 1,000. Ukirudi nyumbani ukapata maumivu makali ya tumbo, homa au damu nyingi, nenda hospitali usiku huohuo.

Njoo na mtu mzima wa kukurudisha. Siku hiyo hakuna kuendesha, hakuna bodaboda, hakuna cherehani, na usisaini mkataba wowote mpaka kesho yake. Mtu huyo awepo daktari anapoeleza alichokiona, kwa sababu dawa ile inafuta kumbukumbu na utadhani hukuambiwa kitu. Kama wamekata kinyama chochote, aulize tarehe ya kufuata majibu ya maabara na aiandike.